Jinsi Yasini Alivyovunja Daraja la Lukwaya

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, lakini kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwezi wa tatu kwa sababu afisa wake amekwenda kuomba kibali cha kuifungua. Basi tuiite nchi ile. Ina amani, ina mto mkubwa uitwao Lukwaya, na ina Wizara ya Mambo Yaliyokamilika, ambayo kazi yake ni kutangaza kwamba mambo yamekamilika. Wizara ya kuyaanza mambo hayo ilivunjwa zamani, ili kubana matumizi.

Nchi ile ilikuwa pia na ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo mwananchi yeyote aliruhusiwa kuiandikia kwa kujitolea. Serikali iliipenda mno. Wanafunzi walinakili humo, walimu wakasahihishia humo humo, na mawaziri waliifungua kila asubuhi ili wajue jana walifanya nini.

Kati ya waliojitolea alikuwemo Yasini Luhuzo, fundi wa cherehani katika mji wa Kisikini, ukingoni mwa mto. Mchana alitengeneza cherehani za watu, na kila alipopata nafasi aliifuta mikono mafuta akaandika makala kwenye simu yake. Alikuwa ameandika mia tatu na kumi na mbili: za visima, za masoko, za ndege wa kinamasi, moja ndefu kuhusu sindano. Hakulipwa wala hakuomba. Alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho ni kwamba katika makala zote mia tatu na kumi na mbili hamkuwa na sentensi hata moja ya uongo.

Alikuwa na taratibu zake. Jambo aliliendea kwa miguu akalitazama. Kisha alitafuta aliyeliandika kabla yake, kwa sababu kanuni ya kwanza ya ensaiklopidia ilisema kwamba kuona hakutoshi, lazima pawe na chanzo kilichochapishwa. Mwisho aliondoa sifa za kupamba. Huko kuondoa sifa ndiko kulikomletea maadui. Makala ya Waziri wa Mambo Yaliyokamilika, Mheshimiwa Korongo Mtayangulu, ilikuwa na kurasa arobaini. Yasini aliondoa humo "shupavu," "mpendwa," "mwenye maono" na "chemchemi ya busara," kama mtu anayenyonyoa kuku wa sikukuu, na alipomaliza zilibaki sentensi mbili. Ya kwanza ilisema amezaliwa. Ya pili ilikuwa inahitaji chanzo.

Mnaona wenyewe kwamba mtu wa namna hiyo hakuwa na mwisho mwema.

*

Siku moja Waziri alihutubia redioni. Alisema, "Daraja la Lukwaya, ndugu wananchi, naliona! Naliona kwa macho ya maendeleo! Asiyeliona ana lake jambo!"

Gazeti la nchi ile, ambalo lilikuwa na wahariri tisa na halikuwa na mwandishi hata mmoja, liliandika kwamba Waziri ameliona daraja. Raia mwema akafungua makala katika ensaiklopidia, "Daraja la Lukwaya," akaliweka gazeti kuwa chanzo. Wiki iliyofuata gazeti likahitaji urefu wa daraja. Likauchukua kwenye ensaiklopidia, ambako raia mwema alikuwa ameukadiria. Ensaiklopidia ikaliweka gazeti kuwa chanzo cha urefu. Wizara ikatoa taarifa ya mwaka ikivinukuu vyote viwili, na daraja likasimama.

Lilisimama imara kuliko madaraja mengi ya zege ninayoyajua. Lilikuwa na njia mbili, taa za pembeni, na tanbihi kumi na tisa.

Kisha ukaja waraka: "Kwa kuwa daraja limekamilika, na kwa kuwa kuvuka kwa mtumbwi ni hatari na kunaliaibisha daraja, vivuko vyote vya mitumbwi vinafungwa kuanzia leo."

Askari alitumwa mtoni kusimamia waraka huo. Alimkuta Kapupu, mvushaji, akiwa amekaa juu ya mtumbwi wake uliofungwa mnyororo kwenye mti.

"Afande," Kapupu alisema, "nionyeshe hilo daraja nikapite nalo. Nimechoka kupiga makasia."

"Mimi sijui daraja, mimi najua waraka."

"Basi tutandikie waraka tuvukie."

Askari alimwandika jina kwa kosa la kukidharau chombo cha serikali ambacho hakipo. Kapupu, ambaye kasia lilikuwa limemfundisha mizani ya mashairi kuliko shule, alianza kuimba palepale, na watu waliokwama kingo zote mbili wakaupokea wimbo:

*Daraja lenu la wino, mwili wake karatasi,*
*Nguzo zake ni maneno, misumari wasiwasi,*
*Mto unatoa meno, wacheka bila kiasi,*
*Kasia kwenye mkono, huvusha watu halisi.*

Askari aliuandika wimbo wote kama ushahidi. Alikosea mistari miwili, Kapupu akamsahihisha.

*

Sasa ng'ambo ya mto, katika kijiji kiitwacho Ng'ambo hivyo hivyo, aliishi Bi Sikudhani, mama yake Yasini. Alikuwa na presha ya kupanda. Kila baada ya wiki mbili alivuka kwa Kapupu, akachukua dawa zake hospitali ya Kisikini, akamgombeza mwanawe kwa kutooa, akarudi. Siku ya tatu baada ya waraka alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yasini, eti huku kwetu kuna daraja?"

"Wanasema lipo."

"Mimi nimekaa kando ya mto huu miaka sitini na nane. Labda nilikuwa nimeinama nachambua mboga, likapita."

"Mama, dawa zimebaki ngapi?"

"Za siku tisa. Usibadilishe mazungumzo. Si wewe unayeandika hicho kitabu cha dunia nzima?"

"Mimi na wengine."

"Basi andika halipo. Shida iko wapi? Ulivyokuwa mdogo ulikuwa unaandika hata ukutani."

Yasini aliona kwamba mama yake amesema kweli. Kuogelea asingeweza, maana Lukwaya una mamba, na mamba hawasomi nyaraka. Njia ilikuwa moja. Alifungua makala, akafuta tanbihi kumi na tisa, akaandika sentensi moja: "Daraja la Lukwaya halipo."

Baada ya dakika nne sentensi ilifutwa. Sababu ilitolewa: "Hakuna chanzo."

Akaandika tena, ikafutwa tena. Akaenda mtoni, akapiga picha ya maji matupu kutoka ukingo huu hadi ule, akaipandisha kwenye makala. Picha iliondolewa kwa maelezo ya heshima kabisa: "Picha hii haionyeshi daraja. Kwa hiyo haihusiani na makala ya daraja."

Alifuta mara saba. Mara ya saba makala ilifungwa kwa kufuli, na Yasini akapokea barua ya kuitwa ofisini kwa Bwana Theonasi Mwakuyu.

*

Bwana Mwakuyu alikuwa Msimamizi Mkuu wa ensaiklopidia. Zamani wasimamizi walichaguliwa na waandishi wenyewe. Baadaye serikali iliona huruma kwa jinsi walivyochoka kupiga kura, ikawaletea mmoja. Alikuwa mtu mpole, nadhifu, aliyeamini kanuni kama wengine wanavyoamini chakula.

"Karibu, fundi Yasini. Mimi ni msomaji wako. Makala yako ya sindano nimeisoma mara mbili."

"Asante, bwana mkubwa. Nimekuja kwa habari ya daraja. Halipo."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimekwenda kutazama."

"Ukaliona?"

"Sikuliona."

"Basi wewe si shahidi. Shahidi ni mtu aliyeona." Bwana Mwakuyu aliinamisha kichwa kwa masikitiko. "Fundi, wewe ndiye uliyekuwa ukiwafuta watu sentensi zisizo na chanzo. Waziri umemnyonyoa mpaka akabaki ngozi. Leo kanuni imekugeukia wewe, unalia?"

Yasini alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ukweli ulikuwa udhaifu wake.

"Mama yangu ana dawa za siku tano," alisema.

"Pole sana. Apite darajani."

"Bwana Mwakuyu, wewe unakaa Kisikini. Dirisha lako hili linatazama mto. Hebu geuka."

Bwana Mwakuyu hakugeuka. "Nikigeuka," alisema polepole, "nitakuwa nimefanya utafiti wangu binafsi. Umekatazwa. Kanuni ya pili."

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alivuta droo akatoa makaratasi. "Tazama, nataka kukusaidia. Hii ni fomu ya daraja lililojengwa. Hii ya lililofunguliwa. Hii ya lililofunguliwa tena, hii ya lililopakwa rangi, na hii ya lililoanguka. Fomu ya daraja lisilokuwepo hatuna. Nani angeipitisha?"

"La kuanguka linakuwaje?"

"Hilo ni dharura. Mwandishi yeyote anaweza kutangaza hata kama makala ina kufuli, na anapewa saa sita za kuleta chanzo. Mitumbwi inarudi siku hiyo hiyo, kwa waraka wa maafa." Alirudisha makaratasi ndani ya droo. "Lakini la kwako halijaanguka. Namshukuru Mungu."

*

Yasini alirudi kibanda chake cha cherehani akakaa. Alikaa siku tatu. Wateja walikuja, wakachukua mashine zao mbovu vilevile walivyozileta.

Nawaomba msimcheke. Kuna watu huuza shamba bila kupepesa jicho, lakini kuwaambia waseme uongo mdogo ni kuwang'oa jino bila ganzi. Hao ni wachache, na katika nchi ile walikuwa wamehesabiwa: mmoja. Makala mia tatu na kumi na mbili! Hata ile ya ndege wa kinamasi alilala njaa matopeni siku mbili ili ahesabu mayai kwa macho yake. Na sasa, ili dunia ijue kwamba daraja halipo, alitakiwa aseme lilikuwepo.

Siku ya nne mama yake alipiga simu. Sauti ilikuwa nzito kidogo.

"Dawa nimeanza kuzikata nusu nusu," alisema. "Usihangaike. Kichwa kinagonga kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi na adabu zake."

Saa nne na dakika mbili asubuhi Yasini aliandika: "Daraja la Lukwaya limeanguka leo. Hakuna aliyejeruhiwa."

Sentensi ya pili aliiongeza ili angalau moja iwe ya kweli.

Chanzo hakukitafuta. Alishajua gazeti linavyokula. Saa sita mchana toleo maalumu lilitoka: "DARAJA LAANGUKA!" likinukuu ensaiklopidia. Saa saba Yasini aliliweka gazeti kuwa chanzo. Saa tisa waraka wa maafa ulifika, askari akaufungua mnyororo wa mtumbwi, na kabla ya magharibi Bi Sikudhani alikuwa amekaa kibandani kwa mwanawe na mfuko wa dawa mapajani, akimeza kidonge kwa chai.

"Umefanyaje?" aliuliza.

"Nimesema limeanguka."

Bi Sikudhani aliweka kikombe chini. "Limeanguka? Nilikuwa nimeinama tena?"

Wakacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka katika kibanda kile.

*

Serikali ya nchi ile, jambo jema ikilipata, hailiachi. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Waziri alifika mtoni na miwani myeusi, akatazama maji kwa muda unaotosha wapiga picha.

"Ndugu wananchi," alisema, "nilikuwa juu ya daraja hili dakika chache tu kabla halijaanguka. Nililisikia likiniambia: Mheshimiwa, pita wewe kwanza. Likanisubiri nivuke! Daraja gani duniani lina utii kama ule?"

Walipatikana majeruhi kumi na wanne, wote wa ukoo mmoja, wakapewa nishani. Iliundwa Tume ya Uchunguzi chini ya Waziri mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uchungu zaidi. Wapiga mbizi walizamishwa kutafuta mabaki. Hawakupata hata msumari, na hapo ndipo Tume ilipogundua kwamba hujuma ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Ripoti ya Tume ilikuwa fupi na yenye mantiki nzuri sana, ningependa vijana wetu waisome. Aliyeandika wa kwanza alijua wa kwanza. Aliyejua wa kwanza alikuwepo. Aliyekuwepo kabla ya kila mtu, wakati daraja linaanguka, ni nani kama si mwangushaji?

Ikaletwa mahakamani historia ya makala, yenye tarehe na saa. Mwendesha mashtaka aliisoma kwa sauti inayotetemeka: "Mheshimiwa hakimu, mshtakiwa alijaribu kuliondoa daraja hili mara saba katika siku nne. Mara saba! Ya nane akafaulu."

"Una la kusema?" hakimu aliuliza.

"Daraja halikuwepo," Yasini alijibu.

"Lakini uliandika lilianguka."

"Niliandika."

"Kilichoanguka kilikuwepo. Au una chanzo kinachosema vinginevyo?"

Bi Sikudhani alisimama nyuma ya ukumbi. "Mheshimiwa, huyu mtoto hajui kuvunja hata kuni! Kuni zote nyumbani navunja mimi!"

Karani aliandika kwamba familia ina uzoefu wa kuvunja.

Hukumu ilitolewa: Yasini Luhuzo akae gerezani mpaka daraja alilolivunja litakapojengwa upya. Watu waliguna. Wengine walisema hicho ni kifungo cha maisha, wakakemewa kwa kukosa imani na Wizara.

*

Gerezani Yasini alitengeneza cherehani za kushonea sare za wafungwa. Kila Jumatano mama yake alivuka kwa Kapupu akachukua dawa, kisha akamletea ugali na kisamvu ndani ya hotipoti. Katika ensaiklopidia palifunguliwa makala mpya, "Yasini Luhuzo, mvunja daraja," yenye tanbihi thelathini. Mwaka wa kuzaliwa ulikosewa. Aliomba kuusahihisha, akajibiwa kwamba mhusika haruhusiwi kuandika habari zake mwenyewe. Alikubali. Kanuni hiyo aliwahi kuitetea yeye.

Uchaguzi ulipokaribia, Bwana Mwakuyu alifika siku ya Jumatano na kompyuta kwapani. Alikaa mezani mbele ya Yasini, akaifungua.

"Habari njema, fundi. Daraja limejengwa upya."

"Lini?"

"Ukiandika. Tangazo la kuanguka linaweza kuondolewa na aliyelitoa tu. Kanuni ya tisa. Waziri anataka kulifungua mwezi huu. Andika sentensi moja, hukumu imetimia, unatoka leo kwa mlango ule ulioingilia." Aliusogeza uso karibu. "Mimi mwenyewe nimeomba uje kuandika tena. Tangu uondoke watu wanaweka 'shupavu' hata kwenye makala ya mbuzi."

Yasini aliitazama kompyuta. Miezi kumi na moja hakuwa amegusa ukurasa. Vidole vyake vilisogea vyenyewe.

Mlango ulifunguliwa akaingia Bi Sikudhani na hotipoti yake, kanga imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kapupu leo katupakia na mbuzi wawili. Mmoja kanila ncha ya kanga, mwingine kataka kuniamkia. Huyu bwana ni nani?"

"Bi mkubwa, nimekuja kumtoa mwanao," alisema Bwana Mwakuyu. "Aandike tu kwamba daraja limekamilika, mkale wote nyumbani."

Bi Sikudhani alifikiri. "Akiandika, mimi nitarudije Ng'ambo?"

"Kwa daraja, mama."

"Na dawa?"

"Kwa daraja."

Mama alimtazama mwanawe, na mwanawe akamtazama mama. Hapakuwa na aliyelia. Kisha Bi Sikudhani akasukuma hotipoti kuvuka meza.

"Kula upesi, Yasini, unirudishie chombo changu," alisema. "Niondoke kabla hamjaniandikia njia."

Yasini alikula. Alipomaliza alinawa, akafuta mikono vizuri kama alivyokuwa akifanya kibandani, akavuta kompyuta. Bwana Mwakuyu alitoa saa ya mfukoni ili arekodi wakati wa kukamilika kwa daraja.

Yasini hakugusa tangazo la kuanguka. Alikwenda chini kabisa, mwisho wa makala ya Daraja la Lukwaya, akaandika: "Watu wa Ng'ambo huvuka mto huu kwa mtumbwi."

Bwana Mwakuyu aliisoma mara mbili. Uso wake ulisawijika, si kwa hasira, kwa huzuni ya kitaaluma.

"Chanzo?"

Yasini alionyesha kwa kidole kanga ya mama yake. Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni.

"Haijachapishwa," alisema Bwana Mwakuyu, akafunga kompyuta bila kuifuta sentensi.

Yasini bado yumo gerezani, na Kapupu bado anavusha. Mimi sina la kuongeza, maana nasimulia tu yaliyoandikwa. Mkitaka kuhakikisha, nendeni mkaisome makala ya daraja wenyewe. Ina tanbihi hamsini na tatu, na kila kilichomo kina chanzo chake, isipokuwa sentensi moja fupi, ya mwisho kabisa, ambayo pembeni yake kuna onyo jekundu linalowaambia wasomaji kwamba habari hii haijathibitishwa na huenda ni ya uongo.